Kahawa, magadi na filamu ya babu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na safari hii si kwa sababu ya kazi. Nilikuwa jikoni nikikaanga magadi. Msinicheke, nitaeleza.

Desemba iliyopita nilikwenda Voi kumsalimia nyanya. Babu alikuwa karani wa reli, na alifariki kabla sijazaliwa. Siku ya tatu nyanya aliniambia nivute sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, nimtafutie cheti cha shamba. Cheti sikukiona. Nilichoona, kikiwa kimefungwa kwenye kitenge, ni kamera ya sanduku, Kodak Brownie, ile ya kushika kiunoni na kuchungulia kwa juu.

Kamera za aina hii zina kidirisha kidogo chekundu mgongoni. Ndani yake unaona namba ya picha uliyofikia, iliyochapwa kwenye karatasi inayofunika filamu. Nilichungulia, nikaona namba 6. Filamu hiyo hubeba picha nane. Maana yake ilikuwa bado imo ndani na haijamalizwa.

Nilimuuliza nyanya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hiyo babu yako hakuigusa tena baada ya kumzika mjomba wako."

Mjomba huyo mimi sikuwa namjua hata kwa jina. Alikuwa mtoto wao wa kwanza, aliyefariki mwaka 1968 akiwa na miaka mitatu, kabla mama yangu hajazaliwa. Hakuna picha yake hata moja. Babu alimpiga Jumapili moja nje ya nyumba za reli, mtoto akaugua, na filamu ikabaki pale pale kwenye namba 6. Nyanya aliniuliza swali moja tu: "Zinaweza kutoka?"

Mimi ni mtu wa tarakilishi. Nimezoea kazi ambazo ukikosea unarudi nyuma, unarekebisha, unaendesha tena. Filamu haina kurudi nyuma. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote nilisoma, na leo nataka kuwasimulia niliyoyasoma, kwa sababu historia hii ni tamu kuliko nilivyodhani.

Picha iliyojificha

Watu wengi hudhani picha inaingia kwenye filamu pale unapobonyeza. Ni kweli, lakini ukiitoa filamu hiyo na kuitazama huoni kitu. Picha imo, ila imejificha.

Aliyegundua jambo hili upande wa karatasi ni Mwingereza William Henry Fox Talbot, Septemba 1840. Alikuwa akipaka karatasi chumvi za fedha na kuziweka ndani ya kamera. Mwanzoni alilazimika kuziacha juani muda mrefu mpaka picha ionekane kwa macho. Kisha akagundua kwamba karatasi iliyopata mwanga kidogo tu, isiyoonyesha chochote, ikipakwa asidi ya galiki, picha inajitokeza yenyewe. Asidi hiyo ilitoka kwenye vinundu vya mti wa mwaloni, vile vile vilivyotumika kutengeneza wino tangu zamani. Kwa hiyo dawa ya kuoshea picha ilianza kama dawa ya mitishamba!

Kwa nini inafanya kazi? Filamu imejaa fuwele ndogo sana za chumvi ya fedha, zimeshikwa ndani ya jelatini. Mwanga ukigonga fuwele, atomi chache za fedha hujitenga, na zikifika kama nne hivi zinatosha. Wanafizikia Ronald Gurney na Nevill Mott walieleza mwaka 1938 jinsi zinavyokusanyika. Dawa ya kuoshea inapoingia, fuwele yenye atomi hizo chache hugeuzwa yote kuwa fedha nyeusi, na ile isiyo nazo huachwa. Hebu fikiria: atomi nne zinaamua hatima ya fuwele yenye atomi mamilioni kwa mamilioni.

Kwetu sisi waandika programu ningesema hivi: data imeshaandikwa, lakini inasomeka mara moja tu, na ukikosea kuisoma umeifuta.

Baada ya hapo lazima uondoe chumvi ya fedha isiyotumika, la sivyo picha itaendelea kuwa nyeusi kila ikikutana na mwanga. Mwanasayansi John Herschel alikuwa amegundua mwaka 1819 kwamba thaiosulfaiti huyeyusha chumvi za fedha, na mwaka 1839 jambo hilo likaingizwa kwenye upigaji picha. Wakati huo iliitwa hiposulfaiti, na wapiga picha wakaikata ikawa haipo. Kwa Kiswahili jina limeangukia mahali pake kabisa: kazi yake ni kuhakikisha fedha iliyobaki haipo.

Miaka 33 ndani ya barafu

Swali langu lilikuwa hili: picha iliyojificha inaweza kungoja muda gani? Jibu nililipata kaskazini kabisa mwa dunia.

Tarehe 11 Julai 1897, Waswidi watatu waliruka kwa puto kutoka Svalbard wakitaka kufika Ncha ya Kaskazini. Walikuwa Salomon August Andrée, Knut Frænkel na kijana Nils Strindberg, ambaye ndiye aliyekuwa na kamera. Puto lao lilianguka kwenye barafu baada ya siku tatu. Walitembea kwa miguu kwa wiki nyingi, wakivuta mizigo, na vuli ya mwaka huo huo wakafia kwenye kisiwa cha Kvitøya. Dunia haikujua yaliyowapata.

Agosti 1930 chombo cha Kinorwe, Bratvaag, kilifika kisiwani hapo na kukuta kambi yao. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana zilikuwemo filamu. Zilikuwa zimekaa kwenye barafu na maji miaka 33.

Filamu zilipelekwa Stockholm, kwa John Hertzberg, mtaalamu wa upigaji picha katika Chuo cha Kifalme cha Teknolojia. Kati ya picha 240 ambazo filamu hizo zingeweza kubeba, aliokoa 93. Moja inaonyesha puto limelala ubavu juu ya barafu, na watu wawili wamesimama wakilitazama. Niliitazama picha ile kwa muda mrefu. Aliyeipiga alikufa bila kuiona, na aliyeiosha hakuwahi kumwona aliyeipiga. Katikati yao kulikuwa na atomi chache za fedha zilizokataa kusahau.

Lakini sikujidanganya. Barafu ni rafiki wa filamu. Kinachoiua ni joto, unyevu, na mionzi kidogo kidogo inayotoka ardhini na angani. Hivyo huzifanya hata fuwele zisizopata mwanga zianze kugeuka nyeusi, na picha nzima ikafunikwa na ukungu. Voi si Kvitøya. Sanduku la bati chini ya paa la bati ni tanuri.

Habari njema ilikuwa moja. Kwa ulimi mdogo wa karatasi ulioonekana nilipoitoa filamu, niliona jina Verichrome Pan. Kodak waliiuza kuanzia 1956 mpaka 2002, na wanaookoa filamu za kale huisifu kwa kutunza picha iliyojificha vizuri kuliko nyingi.

Mapishi ya wazi na mapishi ya siri

Hapa ndipo historia ilinigusa kama mtu wa programu huria.

Katika miaka ya kwanza kila mpiga picha alikuwa pia mpishi. Dawa hazikuuzwa zikiwa tayari. Mwaka 1851, Frederick Scott Archer alipotangaza njia yake ya vioo vya kolodioni, wapiga picha walibeba chupa na hema la giza wakaosha picha papo hapo kabla kioo hakijakauka. Dawa mojawapo ilikuwa pirogaloli, ndugu wa ile asidi ya Talbot. Mwaka 1880 William Abney alionyesha kwamba haidrokwinoni nayo inaosha. Mwaka 1891 ukaleta mbili kwa mpigo: metoli, na Rodinal ya Momme Andresen wa kampuni ya Agfa kule Ujerumani.

Baadaye viwanda vikachukua jiko. Lakini angalia jambo moja la ajabu. Miaka ya 1920 Kodak walitoa dawa iitwayo D-76 na wakachapisha mapishi yake yote. Haya hapa, kwa lita moja ya maji: metoli gramu 2, salfaiti ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. Basi. Metoli na haidrokwinoni ndizo zinazoosha. Salfaiti huzilinda zisiharibiwe na hewa. Boraksi huleta ubesi kidogo, kwani bila ubesi dawa hailali wala haiamki, inasinzia tu.

Mstari mmoja huo umedumu karibu miaka mia. AgfaPhoto ilifilisika mwaka 2005. Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2012. Lakini Rodinal bado inauzwa, kwa sababu hataza ya 1891 ilikwisha zamani na kila mtu anajua kilichomo. D-76 unaweza kuipima mwenyewe kwa mizani. Kampuni zinakuja na kuondoka, mapishi yaliyochapishwa yanabaki. Ndugu zangu mnaoandika programu, jambo hili tulitafakari.

Rodinal hata unaweza kuianza na vidonge vya maumivu. Parasetamoli ikikaa siku chache ndani ya haidroksaidi ya sodiamu na salfaiti inavunjika na kutoa kemikali ile ile ya Andresen. Niliiacha kwa sababu haidroksaidi inaunguza ngozi na macho, na mimi chumba changu ni kimoja.

Kahawa na magadi

Mwaka 1995, huko Marekani, mhadhiri Scott Williams na wanafunzi wake katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester walionyesha kwamba kahawa ya unga, ile ya kopo inayoyeyuka, ikichanganywa na kitu chenye ubesi inaosha filamu. Wakaiita kafenoli. Jina linadanganya kidogo. Kafeini haifanyi kazi yoyote hapo. Zinazofanya kazi ni asidi za jamii ya fenoli zilizomo kwenye kahawa, jamaa wa mbali wa vinundu vya mwaloni vya Talbot. Tumerudi kwenye mitishamba!

Baadaye watu wengine waliongeza vitamini C, kazi ikawa ya haraka na safi zaidi. Mapishi yanayojulikana sana kwa lita moja ni kaboneti ya sodiamu kavu gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa gramu 40, dakika 15 kwa nyuzi 20 za Selisiasi. Kwa filamu za kale huongezwa gramu moja ya bromaidi ya potasiamu ili kuzuia ukungu. Asiye na bromaidi hutumia chumvi ya jikoni yenye madini joto. Kahawa nayo yenyewe huzuia ukungu kidogo, na ndiyo sababu nikaichagua.

Usitumie kahawa nzuri. Ile ya bei rahisi yenye robusta ina asidi nyingi zaidi kuliko arabika yetu ya Nyeri inayosifiwa Ulaya. Kwa mara ya kwanza maishani nilisimama dukani nikitafuta kopo baya kuliko yote.

Kaboneti ya sodiamu je? Wazungu wanainunua kwenye rafu ya sabuni. Sisi tuna ziwa zima. Kule Magadi kampuni imekuwa ikichimba kwa miaka mingi na kuuza nje kwa viwanda vya kioo, na jikoni mawe yake tunatia kwenye maharagwe. Nikasema, kwisha, nina magadi ya nyanya. Nikasaga, nikapima gramu 54, nikajaribu kwa kipande cha filamu mpya. Filamu ikatoka hafifu mno, picha kama pumzi kwenye kioo.

Kosa lilikuwa langu. Magadi ya mawe si kaboneti tupu. Ni kaboneti na baikaboneti zimeungana pamoja na maji, na ubesi wake ni mdogo. Dawa ni moto. Ukikaanga kwenye sufuria kavu, maji na hewa ukaa vinatoka, inabaki kaboneti. Ukikokotoa, gramu 100 za magadi safi zinapaswa kubaki kama gramu 70. Nilikaanga, nikapima, nikakaanga tena mpaka uzito ukaacha kushuka. Zangu zilibaki gramu 73, maana zina mchanga na chumvi. Nikayeyusha, nikachuja kwa kitambaa mara mbili. Jaribio la pili lilitoka vizuri, na la tatu pia.

Kitu kimoja tu jiko halina: haipo. Talbot mwanzoni alijaribu chumvi nyingi ya kawaida, lakini sikuwa tayari kubahatisha. Thaiosulfaiti nilinunua duka la kemikali, kwani hutumika pia kuondoa klorini kwenye maji.

Usiku wenyewe

Nilizima taa saa nne usiku, nikaziba mlango kwa blanketi. Filamu iliyokaa imeviringwa zaidi ya miaka hamsini haitaki kunyooka. Inajirudia kama jongoo. Ilinichukua karibu nusu saa kuiingiza kwenye kikorokoro cha tangi, mikono ikitoka jasho, bila kuona chochote. Ikikatika, imekatika.

Kisha kafenoli. Inanuka vibaya, majirani wanaweza kushuhudia. Dakika 15, natikisa kila dakika. Maji. Haipo, dakika kumi. Nikafungua.

Filamu ilikuwa nyeusi nyeusi, imejaa ukungu. Nikaiinua kwenye taa. Fremu mbili za kwanza hakuna kitu. Ya sita, ambayo haikupigwa, ni ukungu mtupu na namba 6 iliyojichapa kutoka kwenye karatasi. Lakini ya tatu, ya nne na ya tano zilikuwa na maumbo.

Nilizipiga kwa kamera juu ya kioo cha simu chenye mwanga mweupe, nikazigeuza kwenye tarakilishi. Ya tatu ni ukuta na mti. Ya nne ni mwanamke ameshika kanga kwa mkono mmoja, kichwa kimekatwa na kuvu. Ya tano ni mtoto amesimama karibu na beseni, miguu peku, kaptura imemzidi. Uso upo. Lakini upo kama mtu umwonaye nyuma ya pazia: jicho moja, shavu, sikio lililochomoza.

Hapa naungama. Ziko programu za akili unde zinazosafisha nyuso kwenye picha za kale. Niliipitisha picha ile. Kwa sekunde chache ikarudi na mtoto mzuri, macho yanang'aa, meno yamepangwa. Nikachapisha zote mbili, nikapanda gari kwenda Voi.

Nilimpa nyanya ile nzuri kwanza. Akaishika mbali, akaileta karibu, akanirudishia. "Huyu ni mtoto wa nani?"

Nikampa ile yenye ukungu. Hakuniuliza kitu. Alipitisha kidole kwenye sikio lile, kisha akaniambia beseni lilikuwa la bluu, na kwamba kaptura alimshonea yeye mwenyewe, kubwa makusudi, ili aivae miaka miwili.

Nimeifikiria sana ile programu. Haikuokoa uso, ilibuni uso. Inajua nyuso za watoto wengi na ikachora wastani wao. Fuwele za ile filamu zinajua mtoto mmoja tu, na hata huyo wanamjua nusu. Tofauti hii sisi tunaotengeneza programu hizi tunaisahau kwa urahisi, kwa sababu matokeo yanapendeza. Ile nzuri nimeifuta. Yenye ukungu iko ukutani kwa nyanya, na jina la mjomba nyuma yake kwa mwandiko wa nyanya.

Kama una kamera ya kale nyumbani, usiifungue kuchungulia. Angalia kidirisha chekundu kwanza. Ukikuta filamu, izungushe mpaka mwisho, uitoe kwenye kivuli, uifunge kwenye karatasi ya fedha na uiweke kwenye friji. Jaribu mapishi yako kwa filamu mpya, si mara moja, mara tatu. Na ukipata mapishi yanayofaa, yaandike mahali watu watayasoma.

Una swali au umewahi kujaribu? Niandikie. Nimebakiza magadi nusu kilo, yameshakaangwa.